Bakteria wa kuzuia ukungu: kwa nini unga ulioupuliza haukusaidia, na namna ya kuutumia

Swali: Mtaalamu, nalima nyanya na matango ndani ya banda kitalu. Miche ya nyanya inaanguka ikiwa bado kwenye trei, shina limesinyaa na kuwa jembamba usawa wa udongo. Matango nayo yana unga mweupe juu ya majani. Nilishauriwa nitumie unga wa bakteria aina ya Bacillus subtilis. Nimeupuliza mara mbili, mchana, nikiwa nimeuchanganya na dawa ya ukungu ya kopa (shaba) ili nisirudie kazi. Sijaona mabadiliko. Je, kitu hiki kinafanya kazi kweli? Kipimo chake ni kipi? Na naweza kuwazalisha mwenyewe kwa molasi badala ya kununua kila mara?

Jibu: Ndugu mkulima, bakteria hawa wanafanya kazi, na huenda hata unga ulio nao ni mzima. Ila uliwaleta kama mlinzi anayeajiriwa baada ya mlango kuvunjwa. Ugonjwa ulikuwa umeshaenea, jua lilikuwa kali, na bomba la kupulizia lilikuwa na kopa. Tena ulipuliza majani, wakati miche yako inauawa na ukungu ulioko kwenye udongo. Tuanze na jinsi bakteria wanavyouzuia ukungu, maana kipimo, saa ya kupuliza na ratiba vyote vinatokana na hapo.

Mbegu inayoota na ncha ya mzizi huvujisha sukari na amino asidi. Vijimbegu vya ukungu vilivyolala kwenye udongo huamshwa na chakula hicho. Pythium, kwa mfano, anaweza kuiingia mbegu ndani ya saa 24 tangu ianze kunywa maji. Bakteria wakiwahi kutanda juu ya mbegu na mzizi, wanakila chakula hicho wao na kukalia sehemu ambazo ukungu ungepenyea. Wakichelewa kwa siku mbili tu, sehemu hizo zina mwenyewe.

Wana sumu pia. Bacillus wa kundi la subtilis hutengeneza kemikali zinazoitwa lipopeptidi. Iturini na fenjisini hutoboa utando wa seli za ukungu mpaka zinavuja na kufa. Safaktini humsaidia bakteria kujitandaza juu ya mzizi na huushtua mmea ujilinde. Pseudomonas, kundi jingine la bakteria wa kuzuia ukungu, wana sumu zao, na mojawapo, pirolnitrini, ndiyo iliyowapa wanakemia umbo walilolifuata kutengeneza fludioxonil, dawa ya ukungu inayopakwa kwenye mbegu duniani kote. Kwa hiyo anayekwambia kwamba bakteria ni imani tu ya wakulima wa kilimo hai, mwambie baadhi ya dawa za dukani zilianzia kwao.

Pseudomonas fluorescens ana mbinu nyingine. Hutoa rangi ya kijani-manjano inayonasa madini ya chuma kwenye udongo, akabaki nayo yeye, na ukungu ukakosa. Mbinu hii hufaa zaidi kwenye udongo wenye pH ya juu, ambako chuma kinachoyeyuka ni kidogo tangu mwanzo.

Mwisho, mmea wenyewe hubadilika. Mizizi iliyokaliwa na bakteria wanaofaa hupeleka taarifa hadi kwenye majani, na majani hayo hujibu haraka zaidi ukungu unapoyagusa. Badiliko hilo linachukua siku kadhaa kukamilika, mara nyingi kati ya tatu na saba. Angalia sasa: katika njia zote hizi hakuna hata moja inayoutoa ukungu ambao umeshaingia ndani ya shina au jani. Hii ni kinga. Ukiipima kama tiba, kila mara utaona imeshindwa.

Soma pakiti kabla ya kulaumu bakteria

Kwenye lebo tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni jina la aina ndogo, yaani herufi na namba zinazofuata jina la bakteria, kama QST 713 au FZB42. Jina "Bacillus subtilis" peke yake halitoshi, kwa sababu ndani ya spishi moja wapo wanaotengeneza iturini kwa wingi na wapo wasiotengeneza kabisa. Usishangae pia ukiona aina ndogo ileile imeandikwa kwa majina tofauti kwenye pakiti za miaka tofauti. QST 713 iliuzwa kwanza kama Bacillus subtilis, baadaye ikaitwa Bacillus amyloliquefaciens, na sasa wataalamu wanaiweka kwa Bacillus velezensis. Bakteria ni yuleyule, ni uainishaji uliobadilika.

Cha pili ni idadi ya walio hai, inayoandikwa kwa CFU kwa gramu au kwa mililita. Bidhaa nyingi nzuri zina kuanzia bilioni 1, yaani 1 × 10⁹, kwa gramu. Vipimo vyote nitakavyotoa hapa vinachukulia idadi hiyo. Kama pakiti yako ina milioni 100 kwa gramu, unahitaji unga mara kumi. Kama haikuandika idadi yoyote, irudishe.

Cha tatu ni tarehe na joto la kuhifadhi. Hapa Bacillus na Pseudomonas ni watu wawili tofauti. Bacillus hujifungia ndani ya spora, chembe ngumu inayovumilia ukavu na joto, ndiyo maana unga wake hukaa hadi miaka miwili ukiwa mkavu na mbali na jua. Pseudomonas hana spora. Ndani ya unga wa talki, yaani unga laini wa madini anaobebwa nao, idadi yake hushuka mwezi hadi mwezi, na pakiti iliyokaa kwenye stoo ya mabati inaweza kuwa talki tupu. Mnunue akiwa mpya, mweke kwenye friji bila kumgandisha, na mmalize ndani ya msimu. Kwa mkulima asiye na friji, mimi huchagua Bacillus bila kusita.

Miche inayoanguka

Ugonjwa huu ni kinyausi, na mara nyingi wanaousababisha ni Rhizoctonia solani au Pythium. Ng'oa mche ulioanguka leo, usiwe wa jana, uuoshe taratibu kwenye maji. Ukiona shina lina kovu la kahawia, kavu, lililobana usawa wa udongo huku mizizi ya chini bado ni myeupe, hiyo ni kawaida ya Rhizoctonia. Ukishika mzizi kwa vidole viwili na kuuvuta, ganda la nje likachomoka na kubaki uzi mwembamba wa katikati, mshuku Pythium. Kwa maelezo yako, shina kusinyaa na kuwa jembamba, naelekea zaidi kwa Rhizoctonia. Tofauti hii ina maana: Pythium hustawi kwenye udongo uliolowa kupita kiasi, kwani vijimbegu vyake huogelea kwenye maji, na hakuna bakteria atakayekuokoa kama trei hazikauki.

Anza na trei. Zilizotumika msimu uliopita zisugue uchafu wote utoke, kisha ziloweke dakika 30 kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5, yaani sehemu moja ya dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ya asilimia 5 kwa sehemu tisa za maji. Zisuuze sana na uzianike. Mabaki ya klorini yatawaua bakteria unaotaka kuwaweka.

Udongo wa kitalu, kama umechanganya mwenyewe, ulowanishe kidogo kisha uupashe kwa mvuke hadi katikati ya rundo ifike nyuzi 60 za Sentigredi, na ubaki hapo kwa dakika 30. Pima kwa kipimajoto, usikisie. Joto hilo linatosha kuua Pythium, Rhizoctonia na Fusarium wengi, na bado linaacha hai sehemu ya bakteria wa asili. Wengi hufikiri moto zaidi ni bora zaidi, wakachemsha udongo mpaka unatoa harufu. Udongo wa namna hiyo ni uwanja mtupu. Kijimbegu kimoja cha ukungu kikiingia kwa maji machafu au kwa mkono, kinatanda bila mpinzani, na hasara inakuwa kubwa kuliko ya udongo ambao haukupashwa kabisa.

Udongo ukishapoa, huo ndio wakati wa bakteria, kwa kuwa nafasi ziko wazi. Changanya gramu 2 za unga kwa kila lita 1 ya udongo. Utapata takriban milioni 2 kwa kila mililita. Ulowanishe uwe na unyevu wa kubonyea mkononi bila kutoa maji, uufunike, uuache siku tatu hadi tano mahali penye nyuzi 20 hadi 30 kabla ya kupanda. Spora zinahitaji muda wa kuamka na kuzaana, na chini ya nyuzi 15 hufanya hivyo kwa uvivu mkubwa.

Kwenye mbegu, kipimo kinachozungushwa kila mahali ni gramu 10 za unga kwa kilo 1 ya mbegu. Kwa maharage kinatosha: kilo ina mbegu kama 2,500, kwa hiyo kila mbegu inapata bakteria milioni 4. Kwa nyanya piga hesabu upya. Gramu 1 ya mbegu za nyanya ina mbegu kama 300, kilo ina 300,000, na kila mbegu inaambulia kama 33,000 tu, tena ikiwa unga wote umeshika. Utafiti wa Pseudomonas kwenye mizizi umeonyesha kwamba kinga huanza kuonekana pale idadi inapofikia kama 100,000 kwa gramu ya mzizi. Bakteria huzaana, ni kweli, lakini kwa mbegu ndogo sipendi kutegemea kupaka peke yake. Ndiyo maana nimekuambia uchanganye kwenye udongo, na ndiyo maana nakuongezea umwagiliaji ufuatao.

Miche ikitoa majani ya kwanza, koroga gramu 10 kwa lita 1 ya maji, ambayo ni milioni 10 kwa mililita, na upe kila tundu la trei mililita 5. Siku ya kuhamisha, chovya mizizi kwenye mchanganyiko wa nguvu hiyohiyo kwa dakika 20 hadi 30, kivulini, kisha panda papo hapo. Baada ya kupanda, mwagia kila shimo mililita 100 za mchanganyiko wa gramu 5 kwa lita, halafu rudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka mizizi iwe imekomaa. Kuzidisha zaidi ya hapo hakuongezi kinga. Mzizi unabeba idadi fulani tu, ziada hufa, na baadhi ya aina zikiwekwa nyingi mno juu ya mbegu huchelewesha uotaji.

Mwagilia trei asubuhi, uso wa udongo ukauke kabla ya usiku. Usisie mbegu mbilimbili kwenye tundu. Haya si mambo ya bakteria, lakini ukiyaacha utatumia unga bure.

Unga mweupe wa matango

Huo ni ubwiri unga. Kati ya magonjwa ya majani ni miongoni mwa yale ambayo Bacillus huyamudu vizuri, kwa sababu ukungu wake huishi juu ya ngozi ya jani na kuingiza mirija ya kufyonza tu kwenye seli za juu. Sumu ya bakteria inaufikia. Lakini majani yenye madoa makubwa hayawezi kurudi kuwa mazima, kwa hiyo kwanza punguza ugonjwa. Kata majani ya chini yaliyofunikwa, yatie kwenye mfuko humohumo bandani kabla ya kuyabeba nje, kisha pulizia potasiamu baikaboneti gramu 5 kwa lita, uloweshe juu na chini ya jani. Salfa nayo inafaa, ila matango mengine huungua nayo joto likipita nyuzi 30, na isiwekwe karibu na dawa ya mafuta kwa muda wa wiki mbili. Baada ya siku mbili au tatu, ingia na bakteria.

Puliza kuanzia saa kumi na moja jioni. Mwanga wa urujuanimno wa mchana huua bakteria walioamka, na matone hukauka ndani ya dakika chache kabla spora hazijashika jani. Hapa kuna jambo la kukera kidogo: ubwiri unga hauhitaji jani lililolowa, unastawi hata kwenye banda kavu, lakini bakteria wako wanahitaji unyevu. Jioni inawapa saa kadhaa za unyevu bila jua. Usipulize usiku kabisa ukaacha maji yakitiririka hadi asubuhi, utakuwa umeualika ukungu wa kijivu, Botrytis, pamoja na ubwiri vinyoya.

Kipimo cha majani kifuate lebo, kwa sababu bidhaa hutofautiana sana hapa. Kuna unga wenye spora zilizosafishwa tu, na kuna bidhaa ambazo spora zimekaushwa pamoja na mchuzi waliozalishiwa, ambao tayari una iturini na fenjisini. Za pili huanza kazi siku ileile, na kwa majani ndizo ninazozipendelea. Za kwanza zina nguvu zaidi kwenye udongo, ambako spora zina muda wa kuamka.

Rudia kila baada ya siku 7, na mmea ukiwa kwenye kasi ya kukua, kila baada ya siku 5. Bakteria hawatembei kutoka jani hadi jani, na tango hutoa jani jipya kila baada ya siku chache. Jani lililofunguka baada ya kupuliza halina kinga yoyote kwenye uso wake. Wengi huacha baada ya mara mbili kama ulivyofanya, wakati hesabu ya kweli huanza kwenye majani yaliyozaliwa baada ya kuanza ratiba. Yaangalie hayo, yale ya zamani yasahau.

Kopa, maji na bomba

Kuhusu kopa kuna utata unaofaa kuujua. Baadhi ya lebo za Bacillus zinaruhusu kuchanganya na kopa, na hazidanganyi: spora zimejifunga na zinavumilia, na sumu zilizomo kwenye unga hazijali. Tatizo linakuja baadaye. Spora ikiamka juu ya jani lenye kopa, bakteria mchanga hana tena ganda la kumlinda. Unapata dawa ya siku chache, hupati bakteria walioweka makazi. Kwa Pseudomonas hata usijaribu. Mimi ningeacha siku 5 hadi 7 kati ya kopa na bakteria, na ningefanya hivyo pia kwa mankozebu, peroksidi ya hidrojeni na kiuavijasumu chochote cha kilimo kama streptomycin. Dawa nyingi za ukungu zinazoingia ndani ya mmea, kama zile za kundi la triazoli, hazina shida kubwa na bakteria. Hizo unaweza kuzipisha zamu nao, jambo linalopunguza idadi ya mizunguko ya kemikali na kuchelewesha usugu wa ukungu.

Maji ya bomba yenye klorini hayaui spora nyingi za Bacillus kwa kiwango cha maji ya kunywa, ila Pseudomonas huathirika haraka. Yaache kwenye pipa wazi usiku kucha. Kama mamlaka ya maji inatumia kloramini, kukaa wazi hakutoshi. Tumia vitamini C: lita 20 za maji yenye klorini miligramu 2 kwa lita zinahitaji miligramu 100, kwa hiyo kidonge cha miligramu 250 kinatosha na kubaki.

Bomba lililobeba kopa lisuuze mara tatu, pamoja na mpira na nozeli. Koroga unga kwanza kwenye ndoo ndogo uwe kama uji mwepesi, chuja kwa kitambaa, ndipo umimine kwenye bomba lililojaa maji nusu. Nozeli ikiziba si bakteria walioiziba. Bakteria mmoja ana urefu wa mikromita mbili hadi nne, na vitundu vya chujio la kawaida la bomba ni vikubwa kuliko yeye mara nyingi sana. Kinachoziba ni talki au udongo mfinyanzi uliowabeba. Tikisa bomba kila baada ya dakika chache, na umalize mchanganyiko ndani ya saa nne hadi sita, usiulaze. Ukipitisha kwenye umwagiliaji wa matone, waweke peke yao mwishoni mwa umwagiliaji, kamwe wasiingie kwenye tangi la mbolea nzito, kwani chumvi na asidi ya humo inawaua.

Vaa barakoa wakati wa kupima unga. Hauna sumu kama dawa za kawaida, na lebo nyingi zinaruhusu kuvuna siku hiyohiyo, lakini vumbi lake likivutwa mara kwa mara linaleta mzio.

Kuzalisha kwa molasi

Naelewa kwa nini unauliza, na maelekezo yake yamejaa kila mahali: gramu chache za unga, molasi, maji, dumu, siku tatu. Jibu langu ni usifanye, na sababu si kulinda biashara ya mtu.

Bacillus anahitaji hewa nyingi. Ndani ya dumu lililofungwa hewa huisha ndani ya saa chache, na molasi zisizochemshwa zina chachu na bakteria wa maziwa mgando ambao hawahitaji hewa. Hao ndio wanaozaana. pH inashuka chini ya 5, Bacillus anasimama, na wewe unapata kimiminika chenye povu na harufu ya uchachu ambacho unadhani kimeiva. Harufu hiyo ndiyo dalili kwamba kimeharibika. Hata ukiweka pampu ya hewa, huna njia ya kujua kwa macho ni nani aliyezaana. Miongoni mwa wanaopenda maji yenye sukari wapo jamaa za Bacillus cereus wanaoleta sumu ya chakula, na vijidudu vya kinyesi kama maji au mikono haikuwa safi. Halafu unakwenda kuvimwaga juu ya tango linaloliwa bichi.

Kwa Pseudomonas kuna kasoro nyingine isiyoonekana kabisa. Akilishwa vizuri kwenye chakula kingi, hujitokeza miongoni mwao wale ambao mojawapo ya jeni mbili za kuongoza utengenezaji wa sumu, gacS au gacA, imeharibika. Kwa kuwa hawatumii nguvu kutengeneza sumu, huzaana upesi na kuwapita wenzao. Unaweza kuwa na dumu lililojaa Pseudomonas halisi, wazima, wengi, ambao hawazuii ukungu hata kidogo. Viwanda navyo hupambana na tatizo hili, vikiwa na maabara.

Kama lengo ni kupunguza gharama, punguza eneo. Bakteria kwenye trei na kwenye shimo la kupandia wanatumia unga kidogo sana kuliko kupuliza shamba zima, na ndipo wanapofanya kazi yao bora. Baada ya hapo lisha udongo mboji iliyoiva. Udongo wenyewe unaweza kujenga jeshi lake: kwenye mashamba ya ngano yanayopandwa ngano mwaka baada ya mwaka, ugonjwa wa kuoza mizizi unaoletwa na Gaeumannomyces huongezeka kwanza, kisha baada ya misimu kadhaa hupungua wenyewe, kwa kuwa Pseudomonas wanaotengeneza sumu ya kuuzuia wamejikusanya kwenye mizizi. Sikushauri upande nyanya juu ya nyanya ukisubiri muujiza huo, kwa sababu kwa nyanya mambo hayaendi hivyo. Ila inaonyesha kwamba mzizi wenye wakazi wengi ni mgumu kuvamiwa.

Wasikokusaidia

Bakajani chelewa ya nyanya na viazi, inayoletwa na Phytophthora infestans, usiwaachie bakteria peke yao. Hali ya hewa ikiwa ya ubaridi na majani yamelowa kwa saa nyingi, ugonjwa huo unaweza kumaliza shamba ndani ya wiki moja au mbili. Hapo weka dawa inayofaa, bakteria wabaki kwa mizizi. Ubwiri vinyoya ni vivyo hivyo. Mnyauko fusari ukishaingia kwenye mishipa ya maji ya mmea, mmea huo umekwenda. Ng'oa, kinga jirani zake. Na kama mizizi ina vinundu vya minyoo fundo, shughulikia minyoo kwanza, kwani vidonda vyao hufungua njia kwa Fusarium.

Nyanya ikinyauka ghafla bado ikiwa kijani, kabla hujatafuta dawa ya ukungu kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa sentimita 5, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisika. Ndani ya dakika tano, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa, huo ni mnyauko bakteria, Ralstonia. Unga ulio nao hauutibu, wala dawa yoyote ya ukungu.

Pima mwenyewe

Kabla ya kutupa pakiti yako, ijaribu. Chota udongo kwenye trei ambazo miche imeanguka, uchanganye na udongo safi nusu kwa nusu, ujaze trei mbili zinazofanana. Moja weka unga gramu 2 kwa lita, nyingine usiweke. Funika zote, subiri siku tatu, panda mbegu 50 kila moja kutoka pakiti moja, umwagilie sawa, uzibadilishane nafasi kila siku ili mwanga usipendelee upande. Hesabu zilizoota siku ya 10, na zilizosimama siku ya 21. Mbegu zisizotokeza kabisa zihesabu kama zilizokufa, kwa sababu Pythium huua nyingi zikiwa bado chini.

Wakianguka 20 kwenye trei tupu na 8 kwenye trei ya bakteria, unga wako ni mzima na unaufaa ugonjwa wako. Wakianguka 12 na 10, hiyo si tofauti, ni bahati tu. Rudia kwa mbegu 100 kila trei. Wakilingana tena, ama bakteria wamekufa ama aina ndogo hiyo haimwezi ukungu ulio nao. Hapo badili bidhaa uchukue yenye aina ndogo nyingine na tarehe mpya, ukianza na pakiti ndogo kuliko zote.